Nguzo za Bi Mashavu

Namna Mwalimu Siwatu alivyofika nchi ya Nguzoni si jambo la kumchelewesha msomaji. Alifika, na viatu vyake vikafika naye, inatosha. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, hana mume wa kumwuliza anarudi lini, na alikuwa na maradhi ya kutaka kujua kila kitu, maradhi ambayo uzeeni huwa hayaponi tena.

Katika Nguzoni nyumba zote ni za wanawake. Wanaume ni wapangaji, nao wameshazoea. Kila nyumba imebebwa na nguzo mbili za mti zilizosimama mbele, barazani, na mwenye nyumba na nyumba yake maisha yao ni mamoja: nyumba ikianguka, mwenyewe naye ndiyo basi. Adui wa nchi ile ni mchwa. Huingia ndani ya nguzo bila kuaga wala kubisha, akala kimya kimya, na nje mti ukabaki unang'aa vilevile kama siku uliyopakwa mafuta.

Miji ni miwili, na katikati unapita mto ambao hata kuku huuvuka kiangazi. Huku ni Mapema, kule ni Ng'ambo. Ukubwa wao ni mmoja, miti ya nguzo zao hutoka msitu mmoja, na mafundi wao ni walewale, asubuhi huku, mchana kule. Tofauti ni taa. Mapema wana taa ya kuonea ndani ya mti, na kila nyumba ikishatimiza umri fulani, sharti nguzo zake zibanwe katikati ya mbao mbili, zikazwe mpaka zilie, kisha zimulikwe. Ng'ambo hawana taa wala hawaitaki. Wao hungoja mpaka nguzo itoe mlio.

Siku aliyofika Siwatu kulikuwa na mazishi mawili. Madada wawili pacha, Bi Salme wa Mapema na Bi Shemsa wa Ng'ambo, walijenga mwaka mmoja kwa miti ya shina moja, na nyumba zao zikaanguka siku moja, baina ya adhuhuri na alasiri. Upande wa Mapema, Bi Salme alikuwa akizikwa kwa ngoma na tarumbeta, jeneza limefungwa kilemba cha kijani. Upande wa Ng'ambo, Bi Shemsa alibebwa kwenye mkeka, watu wametazama chini.

Siwatu alisimama kando ya mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa ameshika bakuli la vitumbua vya wafiwa. Huyo ndiye Bi Mashavu, ambaye baadaye alimkaribisha kwake.

"Samahani, dada. Mbona huyu anapigiwa ngoma?"

"Huyu ni Mshindi, mgeni. Amevuka miaka mitano."

"Mitano tangu lini?"

"Tangu taa ilipowaona mchwa wake. Ukivuka mitano unavikwa kilemba. Salme alivuka saba, Mungu amrehemu."

"Na yule wa kule ng'ambo ya mto?"

"Masikini Shemsa, pacha wake, aliyejenga naye pamoja, hakuvuka hata mwaka. Nguzo yake ililia mwaka huu huu, na leo ndiyo hivyo."

Siwatu aliangalia jeneza, akaangalia mkeka. "Lakini wamezaliwa pamoja, wamejenga pamoja, wamekufa leo wote wawili. Hiyo miaka saba, Bi Shemsa hakuwa hai?"

"Alikuwa hai, kwa nini asiwe hai? Tulikuwa tunacheza naye bao. Ila haikuhesabiwa, maana alikuwa hajaonekana." Bi Mashavu alimtazama mgeni wake kwa huruma. "Kula kitumbua, mgeni. Jua limekupiga."

Jioni, barazani kwa Bi Mashavu, Siwatu aligundua kwamba ule uchangamfu ulikuwa unafanya kazi kubwa. Nguzo mbili za nyumba ile zilikuwa za mninga, nyekundu, nene, zimechongwa maua na marehemu mama yake. Katika nguzo ya kushoto mtu alikuwa amechora duara kwa chokaa.

"Hapo," alisema Bi Mashavu. "Walinibana wiki iliyopita, nikasikia mti unalia mpaka meno yakaniuma. Wakasema wameona doa. Dogo, kama punje ya mchele. Sheria ya Mapema inasema doa likionekana, nguzo zote mbili zinakatwa kabla ya gulio la mwezi, halafu nyumba inapakwa chokaa kali."

Siwatu alikuwa ameshawaona waliopakwa chokaa kali. Walikuwa wamenyonyoka nywele, wanatapika kila wakinusa chakula, na nyumba zao zilisimama juu ya nguzo za mti mweupe wa kuletwa, zikipiga kelele kila upepo ukivuma. Wengine walikuwa wakicheka na kushukuru. Wengine walikuwa wamekaa tu.

"Na doa lenyewe ni mchwa?"

"Wanasema ni mchwa. Ila mchwa wa nchi hii wako wa namna nyingi. Wako wanaokula nguzo msimu mmoja. Wako wanaoingia wakalala, nyumba ikazeeka, mwenyewe akafa kwa mafua akiwa na miaka tisini, nao bado wamelala. Taa haiwajui. Inaona doa tu." Aliipapasa ile nguzo. "Mwalimu, naogopa kuanguka. Na naogopa kukatwa. Siku hizi hata vitumbua vyangu haviumuki sawasawa."

Siwatu alimpenda tangu hapo, akakata shauri kumpatia jibu.

Kesho yake palikuwa na kikao cha Baraza la Kuonekana, na wageni waliruhusiwa kusikiliza. Waziri wa Kuonekana, Mheshimiwa Mdowe, alikuwa mtu wa heshima, mwenye sauti nzuri na joho lenye mapindo mengi, na ni haki kusema hakuwa mwongo. Aliamini kila neno alilolisema. Tatizo lake lilikuwa furaha.

"Waheshimiwa," alisema, "zamani, kabla ya taa, aliyepatwa na mchwa aliishi mwaka, miaka miwili. Leo washindi wetu wanavuka saba. Basi napendekeza tusonge mbele. Tusingoje nyumba itimize umri. Tumulike miti ikiwa bado msituni. Doa likionekana kwenye mche, mwenye mche ataanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, na nawaahidi, waheshimiwa, tutakuwa na washindi wa miaka thelathini."

Baraza zima lilipiga meza. Mjumbe mmoja alifuta machozi. Mwingine aliuliza kama kuna uwezekano wa kumulika mbegu, akaambiwa wataalamu wanalifanyia kazi.

Siwatu aliinua mkono, kwa tabia ya miaka mingi darasani. "Mheshimiwa Waziri, tangu mmepata taa, nyumba zinazoanguka kwa mchwa zimepungua?"

Waziri alishauriana na wasaidizi wake kwa muda.

"Swali la mgeni ni zuri," alisema hatimaye, "lakini halituhusu. Sisi ni Wizara ya Kuonekana. Habari za kuanguka ni za wizara nyingine."

"Ipi hiyo?"

"Haijaundwa."

Siwatu alitoka pale ametanua kifua. Alijiona amempata mwizi na kuku mkononi. Alifika kwa Bi Mashavu akihema, akamweleza habari ya Salme na Shemsa upya: kwamba kumwona mchwa mapema si kumwua, kwamba ukianza kuhesabu mapema utapata miaka mingi hata kama kifo hakikusogea hata siku moja, kwamba ile taa ilikuwa kiini macho. "Dada, usikubali kukatwa," alisema. "Wanahesabu upepo."

Bi Mashavu alimkumbatia mpaka mbavu zikalia. Mafundi walipokuja mchana na misumeno yao, waliukuta mlango una komeo, na sauti kutoka ndani ikiwaambia waende wakakate miguu ya viti vya Waziri. Mtaa mzima ulicheka. Jioni ile vitumbua viliumuka vizuri sana, na Siwatu alikula hadi akafungua kibwebwe.

Bi Kazija, mkuu wa mji wa Ng'ambo, alipata habari hizo, akampelekea Siwatu mwaliko. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho, mcheshi. Alimpokea kwa kahawa na tangawizi, akamsifu mbele ya watu kwamba ndiye mgeni wa kwanza mwenye akili.

"Hizo mbao zao ndizo zinazoamsha mchwa," alisema. "Mchwa amelala zake, unambana, unammulika, unategemea afanye nini? Sisi hapa hatuna taa, na mchwa hatuna."

"Hamna kabisa?"

"Mtaani kote. Uliza."

Siwatu alikuwa akiitazama mitaa. Nyumba ya tatu kutoka pale ilikuwa rundo la udongo na makuti, limefunikwa mikeka mizuri, na juu yake pamewekwa mrehani.

"Na ile?"

"Ile imepumzika," alisema Bi Kazija.

"Na ile ya pembeni ya kisima?"

"Nayo imepumzika. Mwalimu, hapa kwetu nyumba hazianguki. Neno hilo hatulitumii, linaleta mkosi."

Walipita mtaa wa pili, nako nyumba zimepumzika, na mtaa wa tatu. Mrehani ulinukia kila mahali. Siwatu alianza kujisahihisha. Alikuwa amemwuliza Waziri swali, akakosa jibu, na kukosa jibu huko yeye amekwenda kumwambia Bi Mashavu kuwa ndilo jibu. Mwanafunzi wa darasa la sita angefanya hivyo, angemtia mstari mwekundu. Na mlango wa Bi Mashavu una komeo kwa sababu yake.

"Bi Kazija," alisema, "kuna mahali hapa mtu anaweza kuiona miji yote miwili kwa pamoja?"

Mahali palikuwepo. Kilima cha Mwangalio kiko upande wa juu wa mto, na kina njia nzuri ya mbuzi. Hakuna aliyewahi kukipanda kwa kazi hiyo, kwa sababu Mapema walikuwa wakitazama nguzo, na Ng'ambo walikuwa wakiwatazama Mapema. Siwatu aliwaalika wakuu wote wawili. Waziri Mdowe alikubali kwa kuwa alijua taa yake itaonekana imemaliza mchwa wote duniani. Bi Kazija alikubali kwa kuwa alijua itaonekana haijaokoa hata banda la bata. Walipanda wakitukanana kwa adabu, Waziri akikanyaga joho lake, Bi Kazija akimngoja kila kona ili apate kumcheka.

Juu pale palikuwa na upepo safi. Siwatu aliwaeleza kanuni moja tu, akaisema kwa sauti ya darasani. "Hatutahesabu nani alionekana, wala alionekana lini. Tutahesabu zilizoanguka kwa nguzo, kwa kila mji, basi. Mapumziko nayo ni kuanguka, Bi Kazija, tusameheane."

Walihesabu mchana kutwa. Walikosana mara kadhaa juu ya mabanda ya mbuzi, wakarudia. Walipomaliza, kila mmoja alikuwa na jibu lilelile, na hakuna aliyelipenda. Kwa kila nyumba tano zilizoanguka Ng'ambo, Mapema zilikuwa zimeanguka nne.

Waziri Mdowe aliketi juu ya jiwe. "Nne," alisema. "Mimi nilidhani moja. Au robo."

"Nami nilidhani tano kwa tano," alisema Bi Kazija taratibu. "Nimewaambia watu taa haiokoi hata moja miaka yote hii." Alikuwa akiutazama mtaa wenye kisima, na kwa mara ya kwanza ucheshi ulikuwa umemtoka usoni. "Ile ya kisimani ilikuwa ya shangazi yangu."

"Kuna la pili," alisema Siwatu. "Tazameni Mapema tena. Zile nyumba zenye nguzo nyeupe za kuletwa. Ni nyingi kuliko nyumba zote zenye mchwa za Ng'ambo, zilizoanguka na zinazolia ukizijumlisha. Na msitu ni mmoja. Maana yake wengine mmewakata kwa mchwa aliyekuwa amelala, asingeamka kamwe. Taa imeokoa baadhi, na imewakata wengine bure."

"Akina nani?" aliuliza Waziri kwa haraka. "Nitajieni majina, nikawaombe radhi."

"Haiwezekani kuwajua. Aliyekatwa bure na aliyeokolewa wanafanana. Wote wamesimama, wote wanashukuru."

Kisha wakuu wale wawili, ambao hawakuwahi kukubaliana jambo tangu utoto wao, walikubaliana kwamba huyu mgeni afukuzwe nchini kesho asubuhi.

Siwatu hakubishana. Aliteremka mbio, kwa umri wake, akagonga mlango wenye komeo.

"Dada, nifungulie. Nimekuja kusema nilikosea."

Bi Mashavu alifungua, unga umemjaa mikononi. Siwatu alimweleza kila kitu akiwa amesimama, bila kujipaka mafuta. Alisema Waziri amepiga chuku, na Kazija amejifumba macho, na yeye mwenyewe Siwatu alikuwa na haraka ya kushinda mjadala akasahau nyumba ya mtu imo ndani yake. Alisema tano na nne. Alisema habari ya mchwa waliolala.

Bi Mashavu alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi, akafikiri.

"Kwa hiyo mimi ni yupi? Ni yule mmoja anayeokolewa, ni mmojawapo wa wale wanne wanaoanguka hata wakimulikwa, au ni wa kukatwa bure?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Hakuna, dada. Wala hatakuwepo."

Siwatu alingoja alaumiwe. Lakini Bi Mashavu alianza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka kibao kikayumba. "Basi angalau," alisema akijifuta macho kwa upindo wa kanga, "Waziri aliniahidi kilemba. Kazija aliniahidi nitapumzika. Wewe uliniahidi upepo. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuja kwangu akaniambia hajui, na ndiyo mara ya kwanza nimeelewa ninachoulizwa."

"Na sasa utafanya nini?"

"Nitaogopa kidogo, halafu nitamwita fundi. Fundi mmoja, si jeshi. Na hatakata. Kwanza atatoboa tundu palepale kwenye doa, jembamba, tutazame hao waliomo ni watu wa namna gani. Kwani sheria imekataza kutazama?"

Sheria haikukataza. Hakuna aliyewahi kuuliza. Waziri Mdowe, aliyekuja asubuhi kumsindikiza Siwatu mpakani, alikuta fundi ameshashika keekee yake ya kutobolea na mtaa mzima umejaa barazani. Alitaka kusema jambo kuhusu taratibu. Kisha akaitazama nguzo iliyochongwa maua, akaiangalia kwa muda mrefu kama mtu aliyesahau kwamba nguzo zina wenyewe, akavua joho, akamshikia fundi ngazi.

Unga wa mti ulimwagika mwekundu. Fundi alichungulia, akaingiza kijiti, akakitoa, akakitazama juani.

"Wanatembea," alisema. "Si wengi. Lakini hawakulala hawa, Bi Mashavu."

Bi Mashavu alifumba macho. Siwatu alimshika mkono.

"Hiyo ya kulia je?" aliuliza Bi Mashavu.

"Imulikeni tena, nitoboe nayo mkitaka. Mimi naona nzima."

"Kata ya kushoto," alisema Bi Mashavu. "Ya kulia iache. Chokaa nitapaka kiasi cha ugonjwa, si kiasi cha sheria. Na maua ya mama yangu uyabandue kwanza, usiyaharibu."

Siwatu hakufukuzwa siku hiyo, kwa kuwa Waziri alikuwa ameshika ngazi. Alibaki mpaka chokaa ilipomaliza kumsumbua mwenyeji wake. Kulikuwa na siku mbaya. Nywele zilitoka, vitumbua vilichomwa na mpangaji, yaani mumewe, na vilikuwa haviliki. Kisha zikaja siku nafuu, na mwisho ikaja asubuhi ambayo Bi Mashavu aliinuka, akajifunga kanga kichwani, akamfukuza mumewe jikoni.

Siku hiyo miji yote miwili ilikuja kumpongeza, na kwa kweli kila mji ulikuja kumdai kuwa wake. Nyumba ilikuwa imesimama, imeegemea upande kidogo, nguzo moja ya mninga na moja ya mti mweupe. Mjumbe wa Baraza alisimama na kilemba cha kijani mkononi, akatangaza kwamba hapa, ndugu wananchi, mnamwona mwanamke aliyeokolewa na taa. Mzee mmoja wa Ng'ambo akajibu kutoka nyuma kwamba nyumba ile ingesimama vilevile bila kukatwa chochote, na kwamba mama wa watu ameteswa bure. Kelele zikaanza. Waziri Mdowe na Bi Kazija walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye ngazi za baraza, na si ajabu wao wawili peke yao ndio waliokuwa kimya.

Bi Mashavu alitoka na sinia la vitumbua vya moto, akasimama baina ya nguzo zake mbili.

"Huyu anasema nimeokolewa," alisema. "Yule anasema nimekatwa bure. Mmoja wenu anasema kweli, na hakuna hata mmoja anayejua ni nani, mimi mwenyewe nikiwemo. Nitakaa na jambo hilo mpaka nife, na usiku mwingine litaniamsha. Lakini nimekata nguzo yangu kwa kauli yangu, baada ya kuelezwa, na sikuikata kwa ajili ya kilemba chenu wala kwa ajili ya kumkomoa mtu. Sasa kaeni. Wa Mapema sogeeni, wa Ng'ambo nao wapate nafasi."

Walisogea. Baraza ilijaa mpaka watu wakakaa ukingoni miguu ikining'inia, na nyumba ikalia kidogo kwa uzito. Wote waliacha kutafuna, wakainua macho juu.

"Endeleeni kula," alisema Bi Mashavu. "Huo ni mti mpya. Bado tunazoeana."